Frostgrave: Kikosi cha Watu Kumi katika Mji Ulioganda

Mtu anayetaka kuingia katika michezo ya vita vya mezani hukutana kwanza na kizuizi cha idadi. Michezo mingi mikubwa ya aina hii hudai jeshi zima, vinyago hamsini, sitini au hata mia, na kila kimoja hakina budi kukatwa, kuunganishwa na kupakwa rangi kabla ya meza kutandikwa. Nimeona masanduku yaliyonunuliwa kwa hamu kubwa yakikaa kabatini miaka mitatu bila kuguswa, si kwa uvivu wa mwenyewe bali kwa sababu kazi iliyokuwa mbele yake haikuwa na mwisho anaoweza kuuona. Frostgrave humtua mchezaji mzigo huo tangu mwanzo. Kikosi chake hakizidi watu kumi: mchawi mmoja, mwanagenzi wake, na askari wasiozidi wanane. Nimeucheza na binti yangu hapa Leicester kwa majira mawili ya baridi, na hapa natathmini kitabu cha kanuni pamoja na masanduku ya vinyago vya plastiki yanayouzwa kwa ajili yake, kwa kuwa naona kimoja hakielezeki vizuri bila kingine.

Kitabu kimeandikwa na Joseph A. McCullough na kuchapishwa na Osprey Games mwaka 2015. Toleo la pili, ambalo ndilo tunalolitumia na ndilo ninalomshauri mgeni alinunue, lilitoka mwaka 2020. Vinyago vyake vinatoka kwa North Star Military Figures ya Nottingham, mji ambao kampuni nyingine za michezo ya vinyago, Games Workshop, Warlord Games na Mantic, nazo zimeweka makao yake, kiasi kwamba mpenzi wa kazi hii akiutaja mji huo huwa kama mvuvi anayetaja bandari kubwa.

Hadithi inayoubeba mchezo ni fupi. Felstad ulikuwa mji wa wachawi wakuu, wenye minara na maktaba, hadi jaribio moja la kichawi lilipowaponyoka mikononi na dhoruba ya theluji ikaufunika mji wote. Ukalala chini ya barafu kwa karne nyingi. Sasa barafu inayeyuka, na wachawi wa nchi za jirani wanaingia na watu wao wa kukodi kutafuta vitabu, hati na hazina katika magofu. Hakuna anayekuja kuuteka mji wala kuukomboa. Wanakuja kuchukua na kutoka wakiwa hai, na jambo hilo, ambalo msomaji wa haraka anaweza kulipita, ndilo linaloamua sura ya kikosi. Jeshi la mfalme huvaa sare. Watu waliookotwa sokoni na vilabuni, wakaahidiwa fungu la hazina, huja kila mmoja na alichonacho: huyu na koti la babu yake, yule na kofia ya chuma aliyoinunua kwa mkopo, mwingine na shoka ambalo jana lilikuwa likipasua kuni.

Kanuni zenyewe hazimlazimishi mchezaji kununua vinyago vya kampuni fulani. Mpiga upinde ni kinyago chochote chenye upinde, hata kama kimetoka katika sanduku la mchezo mwingine kabisa. Hilo ni jambo la heshima kwa mnunuzi na napenda lisifiwe waziwazi. Hata hivyo, baada ya kujaribu njia zote mbili, nimeona kwamba sanduku la askari liitwalo Frostgrave Soldiers lina faida isiyopatikana kirahisi kwingine. Ndani yake mna fremu nne zinazofanana, yaani viunzi vya plastiki ambavyo viungo vya vinyago hukatwa kutoka kwavyo, kila fremu ikiwa na miili mitano, hivyo mtu hupata askari 20 wa kipimo cha milimita 28 pamoja na vitako vya mviringo vya kuwasimamisha. Kwa hesabu ya kikosi cha Frostgrave, sanduku moja linatosha watu wawili na askari kadhaa wa akiba juu yake. Lakini hesabu si kitu ikilinganishwa na viungo: vichwa ni vingi kuliko miili, mikono ni mingi kuliko vichwa, na pembeni mwa fremu zimejaa mikoba, kamba zilizokunjwa, majambia na vifurushi ambavyo hakuna karatasi inayokuamuru uvibandike wapi. Kiungo karibu chochote kinakubali mwili wowote.

Masanduku mengi ya kisasa hayako hivyo. Kampuni hukata kinyago kwa ustadi wa hali ya juu, kila kipande kikiwa na namba yake, na ukimaliza kuunganisha unapata kinyago kile kile kilichoko kwenye picha ya sanduku, chenye hasira ile ile na mguu ule ule juu ya jiwe lile lile. Ni kazi nzuri ya mchongaji, nami sina neno dhidi yake. Lakini mchongaji amekwisha kuamua huyo ni nani, na wewe umebakiwa na kazi ya kumpaka rangi. Katika sanduku la Frostgrave uamuzi huo umeachiwa wewe, na kikosi kinaanza kuwaziwa hapo hapo mezani, kisu kikiwa mkononi.

Nitaeleza kinyago kimoja tu kwa ukaribu. Tulichukua mwili uliovaa koti zito la pamba lililoshonwa kwa mistari, miguu imepanuka kidogo kama mtu anayetembea juu ya kitu kinachoteleza. Tukamjaribia kichwa chenye kofia ya kitambaa. Kichwa kikitazama mbele, alikuwa askari wa kawaida kabisa, anayemwendea adui. Binti yangu akakizungusha taratibu kabla gundi haijashika, hadi kidevu kikawa juu ya bega la kushoto, na papo hapo mtu yule akabadilika: akawa mtu anayetembea mbele huku akisikiliza kilicho nyuma yake. Tukampa mkono wenye upanga unaoelekea chini badala ya ule ulioinuliwa, kwa sababu mtu mwenye wasiwasi hainui upanga mpaka awe na hakika. Mwisho tukambandika mkoba kiunoni. Shingo lilikuwa limekwenda kombo kidogo kuliko mwili wa mtu unavyoweza, na binti yangu, badala ya kuomba tulirekebishe, akasema jina lake ni Kombo. Kazi yote ilichukua robo saa. Sijapata kununua kinyago kilichokamilika ambacho kilinipa robo saa kama ile.

Kuhusu vifaa, nitasema kwa ufupi. Plastiki hii huunganishwa kwa gundi maalumu ya plastiki, ile inayoyeyusha nyuso mbili kidogo ili zishikane ziwe kitu kimoja, wala si gundi ya kawaida ya papo kwa papo. Faida yake ni kwamba unapata dakika chache za kuzungusha kichwa au kushusha bega kabla hakijashika. Hasara yake ni kwamba kikishashika, ndiyo basi. Tumia koleo ndogo kukatia fremu, kata mbali kidogo na kiungo kisha umalizie kwa kisu, na ule mstari mwembamba unaobaki pale nusu mbili za kalibu zilipokutana uukwangue kwa mgongo wa kisu kabla ya kupaka rangi yoyote, kwa maana rangi haiufichi bali huutangaza.

Sehemu iliyonipa tafakuri ndefu zaidi ni uchawi. Kanuni zina shule kumi za uchawi, kila shule ikiwa na matamko manane, yaani maneno ya kichawi anayoyatamka mchawi ili jambo fulani litokee, jumla 80. Mchawi anayeanza huchagua manane: matatu ya shule yake mwenyewe, mengine matatu kutoka shule tatu zinazoelewana na yake, na mawili kutoka shule zisizo na urafiki wala uadui naye. Nilipoanza kumweleza binti yangu mambo haya kwa Kiswahili, kwa sababu nyumbani kwetu mchezo huchezwa kwa Kiswahili, nilitarajia kukwama kwa kukosa maneno. Nilikwama kwa kuwa nayo mengi mno, kila moja na uzito wake. Anayetabiri ni mpiga ramli, hapo hakuna ubishi. Anayewafanya watu waone kisichokuwapo ni mtu wa kiinimacho. Anayeita viumbe visivyoonekana anaita majini. Wa mitishamba, ukungu na laana tunamjua tangu utotoni. Tamko la kumwinua maiti awe mtumishi linaelezwa kwa neno moja, msukule, na mtoto ambaye bibi yake yuko Tanga na humpigia hadithi kwa simu hahitaji maelezo ya ziada. Anahitaji taa iwashwe.

Lakini neno mchawi lenyewe lilinisumbua. Kwetu mchawi si mzee mwenye fimbo na ndevu anayewaongoza wasafiri. Mchawi ni mtu wa usiku, anayemdhuru jirani yake bila sababu, na yule anayetibu tunamwita mganga ili tusimchanganye naye. Kiongozi wa kikosi cha Frostgrave hakai vizuri katika neno lolote kati ya hayo mawili. Anaweza kuponya na anaweza kulaani, na hadai kuwa mwema. Tulijadiliana jioni nzima, na mwishowe tukaliacha neno mchawi libaki, kwa hoja ya binti yangu kwamba watu hawa, hata wakiwa na elimu kubwa namna gani, wameingia katika mji wa wafu kuchukua mali isiyo yao. Nilikubali. Uamuzi huo uliathiri kila kitu kilichofuata, kuanzia rangi za nguo hadi namna askari walivyosimama mbali kidogo na mwajiri wao tunapowapanga rafuni.

Binti yangu alichagua shule ya maandishi, ambayo nguvu zake zote zimo katika wino: kuandika hati zenye matamko, kuweka alama inayolipuka adui anapoikaribia, na kutuma kalamu yenye hasira inayomchoma adui mwilini akiwa katikati ya mapambano. Kwa msomaji wa pwani hili si jambo geni hata kidogo. Tumekua tukiona hirizi zilizoshonwa katika ngozi, na tunajua tangu zamani kwamba kipande cha karatasi chenye maandishi huweza kuogopwa kuliko panga. Kwa hiyo mchawi wake akawa mwandishi wa hirizi, na jina lake Bi Zuhura. Juu ya hayo alimpa tamko la kuponya kutoka shule ya miujiza na tamko la ukungu kutoka shule ya mitishamba, ili watu wake wapate kujificha wanapokimbia na mizigo.

Mwili wa Bi Zuhura umetoka katika sanduku la wachawi wanawake, lenye majoho marefu, vitabu na fimbo. Kichwa chake kilikuwa wazi, nasi tulitaka mtandio. Tulitumia udongo wa epoksi, ule unaouzwa kama utepe wa rangi mbili, manjano na buluu, ambao huuponda kwa vidole vilivyolowa maji mpaka michirizi yote iishe na uwe kijani kitupu. Niliusukuma ukawa mwembamba kama ukoko wa chapati, nikakata ukanda, nikauweka kichwani na kuuacha uanguke wenyewe mabegani kabla ya kuugusa. Kisha, kwa sindano iliyolowa, nikaanza kutia mikunjo kutoka kwenye paji la uso kuelekea shingoni, nikikumbuka jinsi mama alivyokuwa akirusha ncha ya mtandio wake juu ya bega anapotoka mlangoni. Mkunjo mmoja kando ya sikio la kushoto ulitokea vizuri kuliko nilivyostahili. Huo ndio ninaoutazama kila ninapoinua kinyago hicho.

Katika kupaka rangi, lipo jambo moja ambalo lazima niliseme kwa wasomaji wangu. Maelekezo mengi ya upakaji rangi yanayopatikana huchukulia kwamba ngozi ni nyeupe, na anayefuata hatua zake kwa ngozi nyeusi, akiongeza nyeupe kidogo kidogo kwenye sehemu zilizoinuka, hupata uso wa kijivu uliopauka kama mtu aliyepakwa majivu. Anza na kahawia nzito yenye wekundu ndani yake. Pitisha rangi nyepesi ya kivuli, ile inayotiririka na kujikusanya mashimoni, na uiache ikauke kabisa. Kisha, kwa pua, mashavu, paji la uso na vifundo vya vidole, ongeza ndani ya kahawia ile ile rangi ya machungwa iliyotulia au ya ngozi ya mnyama, wala usiongeze nyeupe mpaka mwisho kabisa, nayo iwe nukta tu. Uso unapata joto, kama mtu anayesimama karibu na moto ndani ya mji wa barafu. Vinyago vya sanduku hili vimechongwa kwa mavazi ya Ulaya ya zama za kati, na kwa hilo havidanganyi mtu, lakini rangi iko mikononi mwa mpakaji. Kikosi cha Bi Zuhura kina weusi, maji ya kunde na weupe, kama watu wa bandari yoyote ile.

Nilipata hasara moja, na naieleza ili mwingine asiipate. Nilinunua kopo la rangi ya msingi katika duka moja la vifaa vya ujenzi, nikalitumia nje ya nyumba asubuhi ya Januari yenye unyevu mwingi, na askari sita wakatoka na uso wa chembechembe kama msasa. Duka halikuwa limeniambia lolote kuhusu baridi, na maandishi ya koponi yalikuwa madogo kuliko vinyago vyenyewe. Tangu hapo napaka rangi ya msingi kwa brashi, ndani ya nyumba, tabaka mbili nyembamba. Inachukua muda zaidi, lakini kwa kikosi cha watu kumi muda huo si wa kuogopwa.

Sasa niseme juu ya mchezo wenyewe. Meza ya futi tatu kwa tatu inatosha, iliyojaa magofu kadiri uwezavyo; sisi tulijenga ya kwetu kwa makasha ya mayai na ubao wa povu, na theluji tukaifanya kwa bikaboneti ya jikoni na gundi nyeupe, jambo ambalo sitalirudia kwa sababu baada ya miezi inageuka manjano. Hazina tano huwekwa mezani. Kila zamu, mchawi hutangulia na anaweza kuwachukua askari hadi watatu walio ndani ya inchi tatu kutoka kwake, kisha mwanagenzi hufanya vivyo hivyo, kisha askari waliobaki, na mwisho viumbe vya magofu. Mpangilio huu ni mwepesi, lakini una akili ndani yake: askari aliye karibu na mwajiri wake hutenda mapema, aliyeachwa mbali husubiri, na kwa zamu tatu tu unaona kikosi kikijikusanya na kutawanyika kama kundi la watu halisi wanaoitana gizani.

Kila jambo huamuliwa kwa dadu ya pande 20. Wapiganaji wawili hutupa, kila mmoja hujumlisha uwezo wake, mwenye idadi kubwa hushinda, na kutoka kwenye jumla hiyo hutolewa kinga ya aliyeshindwa. Kinachobaki ndicho jeraha. Uchawi nao hutaka kufikisha idadi fulani, na mchawi anayekosa kwa tofauti ya 5 au zaidi hujiumiza mwenyewe. Anaweza pia kutoa nukta za afya yake ili tamko lifaulu. Napenda sana kanuni hii, kwa sababu inamfanya mchawi alipe kutoka mwilini mwake. Bi Zuhura amewahi kumaliza mchezo akiwa na nukta mbili za afya, hajaguswa na adui hata mara moja.

Kikosi hukodiwa kwa sarafu 400 za dhahabu, na wahuni na wezi, askari wa chini kabisa, hupatikana bure. Kombo alikuwa mhuni wa bure. Alicheza michezo minne bila kufanya jambo lolote la kukumbukwa, na katika wa tano akapata hazina. Mwenye kubeba hazina hutembea nusu ya mwendo wake, na Kombo alikuwa amebakiza inchi tano kufika ukingoni, mkoba kiunoni, shingo imegeukia nyuma kama siku zote. Mpiga upinde wangu alikuwa juu ya mnara. Nilitupa 19, nikaongeza 2 za uwezo wake wa kulenga, ikawa 21, na dadu ya Kombo ya kujihami haikufikisha idadi hiyo. Kinga yake ni 10, na afya yake ilikuwa 10 kamili. Majeraha 11.

Baada ya mchezo, kila aliyeanguka hutupiwa dadu kujua hatima yake: kuanzia 9 anapona kabisa, na kati ya 1 na 4 amekufa. Binti yangu aliishika dadu kwa muda mrefu kuliko kawaida, kisha akaitupa ikasimama kwenye 3.

“Baba, tatu si ndiyo amekufa?”

“Ndiyo, mwanangu. Pole.”

Husemwa kwamba kinyago cha kujichongea hakimtishi mwenyewe. Huenda. Lakini kile kilituketisha kimya mezani, wawili sisi, na sijui mchezo mwingine wa vinyago ambao kifo cha askari asiye na bei hata ya sarafu moja kingefanya hivyo. Katika jeshi la vinyago mia, Kombo angeondolewa mezani kama kete na hakuna ambaye angemkumbuka. Hapa alikuwa mmoja wa kumi, na shingo lake tulilizungusha wenyewe.

Zipo kasoro, nazo ni za kweli. Dadu moja ya pande 20 ina mabadiliko makubwa mno: askari hodari mwenye deraya anaweza kuangushwa na mbwa kwa bahati mbaya tu, na mchezaji anayependa mpango wake uheshimiwe atakasirika. Mimi naivumilia kwa sababu kikosi ni kidogo na mchezo huisha ndani ya saa mbili hivi, lakini siwezi kumwambia mtu kwamba ni jambo dogo. Kinachonisikitisha zaidi ni kwamba uzoefu wote humwendea mchawi. Yeye hupanda ngazi, hujifunza matamko mapya, na mwanagenzi humfuata nyuma, ilhali askari aliyenusurika michezo kumi ana uwezo ule ule aliokuwa nao siku ya kwanza. Katika mchezo unaokualika kwa nguvu hivi kumjua kila mtu wako, kanuni ilipaswa kumwachia askari wa kawaida japo nukta moja ya kukumbuka alikopita. Sisi tumejitungia ya kwetu: aliyetoka na hazina mara tatu huongezewa nukta moja ya ujasiri, na jina lake huandikwa daftarini kwa wino mwekundu. Haijaharibu kitu.

Juu ya vinyago, nitasema kwamba nyuso hazina kina cha uchongaji kinachopatikana katika plastiki za bei ya juu za siku hizi, na mpakaji anayeshindania tuzo atatafuta kwingine. Kwa mezani, kwa umbali wa mkono, zinatosha kabisa. Wanawake wako katika sanduku la pili la askari, si pamoja na wanaume, hivyo anayetaka kikosi mchanganyiko hulazimika kununua mawili au kubadilishana fremu na mwenzake. Sisi tulibadilishana na jirani, na ni njia ninayoipendekeza.

Kwa walioko nyumbani Afrika Mashariki, gharama kubwa ni usafiri na ushuru, si sanduku lenyewe. Binamu yangu wa Dar es Salaam aliagiza kupitia duka moja la mtandaoni, akasubiri zaidi ya miezi miwili, na alipolipa kila kilichodaiwa bei ilikuwa imeongezeka karibu mara mbili. Kwa hiyo ushauri wangu kwake na kwa wengine ni kuanza na kitabu, ambacho kinapatikana pia kwa nakala ya kidijitali, na kukitumia kwa vinyago vyovyote vilivyopo: vya karatasi ngumu, vya mbao, vya michezo mingine. Kanuni zinaruhusu, na kikosi cha watu kumi mtu anaweza kukichonga mwenyewe katika mwezi mmoja. Anayeweza kuagiza kwa pamoja na mwenzake mmoja, basi sanduku moja la askari na moja la wachawi yatawatosha kwa mwaka mzima.

Wiki moja baada ya kifo cha Kombo, binti yangu alitaka tumbandue mkoba wake apewe askari mpya. Nilimweleza kwamba gundi ile imekwisha kuyeyusha mkoba na koti vikawa kitu kimoja, na tukijaribu kuvitenganisha tutavikata vyote viwili. Alifikiri kidogo, akaenda kwenye kopo tunalohifadhia mabaki ya fremu, akarudi na mkoba mwingine wa umbo lile lile. Askari mpya ni mwanamke mwenye kamba begani, na kichwa chake kinatazama mbele. Kombo yuko rafuni, nyuma ya wenzake, akiwa bado amegeuza shingo.